Mkono wa Birika Mezani

Waswahili humwita mtu asiyependa kutoa "mkono wa birika". Atazamaye birika kwa makini hatakawia kuing'amua maana ya nahau hii: mkono wa chombo hicho umejikunja, na ncha zake zote mbili zimerejea kwenye birika lenyewe. Ajabu ni kwamba birika ni chombo cha kuwamiminia wengine. Lina mdomo utoao, lakini mkono wake haunyooki. Wahenga walichagua chombo cha mezani kuielezea tabia hii, nao hawakukosea. Hapana mahali ambapo ukweli wa nahau hiyo hubainika leo kama katika mkahawa, saa ya adhuhuri, bili inapowekwa mbele ya walaji.

Kasoro hii ina majina kadhaa katika lugha. Mchoyo ni yule asiyependa kumpa mwingine kilicho chake, aghalabu chakula. Bahili naye huumia kila anapotumia mali yake, hata kama anayenufaika ni yeye mwenyewe. Neno bahili lina asili ya Kiarabu, na ndilo lililomo katika anwani ya kitabu mashuhuri cha Al-Jahiz, mwandishi wa Basra wa karne ya 9: Kitab al-Bukhala, yaani Kitabu cha Mabahili. Mabahili wa Al-Jahiz si mabubu. Ni wasemaji hodari, wenye hoja na mifano tele. Hujitetea kwamba wanachokifanya si ubahili bali ni uwekevu na hekima. Zaidi ya miaka elfu moja imepita, lakini utetezi huo ungali hai. Bahili wa Nairobi, Eldoret au Mombasa hakosi methali ya kujikingia: akiba haiozi, haba na haba hujaza kibaba. Methali hizo ni njema. Ubaya ni kwamba yeye huzikumbuka tu wakati bili imefika.

Ni dhuluma, hata hivyo, kuuchanganya ubahili na ufukara. Mwanafunzi anayeingia kibandani na shilingi 50, akaagiza chapati na kuomba mchuzi wa maharagwe, hana doa lolote. Ameagiza kwa kipimo cha mfuko wake, na mwenye kibanda, ambaye huenda naye ana mwana chuoni, humwongezea kijiko kimoja bila kuombwa mara ya pili. Wala si bahili yule anayewaambia wenzake mapema kwamba siku hiyo hataandamana nao kwa kuwa mkopo wa masomo haujaingia. Huyo ni mkweli. Bahili ni yule anayekubali kwenda, akaagiza nusu kuku na bilauri mbili za sharubati, kisha akapata simu ya dharura pindi mhudumu anapoileta bili.

Watu wa namna hii hujulikana kwa vituko vyao. Yupo aendaye msalani wakati wa hesabu, akarudi wenzake wakiwa tayari mlangoni. Yupo anayependekeza bili igawanywe sawa kwa sawa pale ambapo yeye amekula samaki wa kupaka na mwenzake amekunywa chai pekee. Lakini siku ambayo mnywa chai ni yeye, hudai kila mtu alipe chake hadi senti ya mwisho. Yupo mwenye kuwaalika marafiki wanane kusherehekea siku yake ya kuzaliwa, nao wakishashiba ndipo wanapotambua kwamba walialikwa kulipa. Yupo alaye robo tatu ya sahani, kisha akamwita msimamizi kulalamika kwamba chakula hakina ladha, akitumaini kusamehewa malipo. Yupo atiaye mkobani pakiti za sukari, vijiti vya meno na karatasi za shashi, kana kwamba alivinunua pamoja na chai. Aidha, tangu M-Pesa ilipoanzishwa mwaka wa 2007, na hasa baada ya Lipa na M-Pesa kuanza mwaka wa 2013, amezuka mjanja wa aina mpya: huinua simu kwa mbali, akaonyesha ujumbe wa juzi, akatoka kwa hatua ndefu.

Mwenendo huu hushangaza zaidi ukilinganishwa na adabu za kula ambazo watu wengi wamelelewa nazo. Katika nyumba za Waswahili wa pwani, wali wa sherehe hupakuliwa katika sinia moja, nao watu wakalizunguka. Kila mmoja hula upande unaomwelekea. Hapeleki mkono mbele ya mwenziwe, hachokori nyama iliyo katikati, na mwenyeji ndiye huisukuma nyama hiyo upande wa mgeni. Anayewapita watu wakila hukaribishwa, hata chakula kiwe haba, naye hushukuru. Bara nako, jamii mbalimbali zina miiko yao ya kugawa na kupokea chakula. Hakuna anayeziandika sheria hizi ukutani, lakini mtoto anayezivunja hufinywa paja. Sinia humfunza mtu kwamba hali peke yake. Mkahawa umeliondoa sinia, ukaweka sahani ya kila mtu na bei yake. Hapo ndipo baadhi ya watu walipodhani kwamba adabu nayo imeondolewa, au kwamba imo ndani ya bei, hivyo basi anayelipa hadaiwi kitu kingine.

Kwa wanafunzi wa Kiswahili, dalili ya kwanza ya dhana hii potovu haimo mfukoni bali katika kitenzi. Anayeketi katika mkahawa mjini saa saba mchana atasikia, "Wewe! Lete chai!" Mwingine hatamki hata neno: hupiga mluzi, hugonga meza kwa funguo, au humwita mtu mzima kwa sauti ya "ksss" kama anayemwita paka. Mhudumu wa makamo, mama wa watoto, huitwa "msichana". Mzee mwenye mvi huitwa "kijana". Husemwa mara nyingi kwamba Kiswahili cha bara ya Kenya ni kikavu, na kwamba adabu za lugha zilibaki pwani na Tanzania. Huo ni udhuru tu. Sarufi imempa kila msemaji nyenzo zile zile. Kuna kauli ya kutendea, kuna "naomba" na "tafadhali", na kuna majina ya heshima: mama, baba, dada, kaka, ndugu. Kutoka "lete" hadi "niletee" ni silabi mbili tu zilizoongezeka, na silabi hazilipiwi ushuru. Nchini Tanzania, mwanamke auzaye chakula cha bei nafuu ameitwa mama ntilie, jina lililotokana na ombi la mteja mwenyewe: mama, nitilie. Biashara nzima imepata jina lake kutokana na ombi lililotamkwa kwa heshima. Hakuna aliyepata kuitwa mama lete.

Wako watakaosema kwamba haya ni mambo madogo, na kwamba mkahawa una mwenyewe ajuaye kuilinda mali yake. Hoja hiyo husahau jambo moja: ubahili wa mezani haupotei hewani, una mtu anayeulipia. Mathalani, vijana wanne wanakula biriani na kunywa sharubati ya maembe, bili ikafika shilingi 2,400. Mmoja anatoka kupokea simu. Wa pili anamfuata. Wa tatu anasema wa nne atalipa. Wa nne analipa shilingi 600 zake na kuapa kwamba wale wengine hawajui vizuri. Mwenye mkahawa hatazikosa fedha zake. Usiku, hesabu zinapofungwa, shilingi 1,800 zilizosalia huandikwa mbele ya jina la mhudumu aliyeihudumia meza ile.

Sheria ya Ajira ya mwaka wa 2007, katika kifungu cha 19, imeyataja makato ambayo mwajiri anaruhusiwa kufanya. Miongoni mwayo ni fidia ya hasara aliyoisababisha mfanyakazi kwa makusudi, na upungufu wa fedha uliotokana na uzembe au udanganyifu wa mfanyakazi ambaye mkataba wake unamkabidhi fedha. Sheria hiyo pia imeweka mpaka kwamba makato yote kwa jumla yasizidi thuluthi mbili za mshahara. Mteja anapotoroka, ni vigumu kusema kwamba mhudumu amekusudia hasara hiyo. Lakini kibarua asiye na mkataba wa maandishi atamshtaki nani, na atafika mahakamani kwa nauli gani? Aghalabu huinamisha kichwa, akakatwa, akarudi nyumbani kwa miguu. Saa hiyo wale vijana wamo bwenini wakisimuliana werevu wao.

Katika mjadala huu hapakosi kuzuka suala la bakshishi. Neno hili linakaribiana kwa sauti na bahili, lakini hayana undugu: mizizi ya bakshishi imo katika kitenzi cha Kiajemi chenye maana ya kutoa. Maneno hayo mawili yamekutana kwenye meza moja yakiwa mahasimu. Hata hivyo, bakshishi si kipimo pekee cha uungwana, kwani kila nchi ina utaratibu wake. Nchini Marekani, sheria ya kitaifa inamruhusu mwajiri kumlipa mhudumu apokeaye bakshishi dola 2.13 kwa saa, kiwango ambacho hakijapanda tangu mwaka wa 1991, mradi bakshishi zikiongezwa zifikie kima cha chini cha mshahara. Huko, asiyetoa huwa ameugusa mshahara wa mtu. Nchini Japani, kinyume na hayo, kutoa bakshishi si desturi. Kenya ipo katikati: halazimishwi mtu, lakini kidogo kinachoachwa mezani hupokelewa kwa furaha.

Wakenya, fauka ya hayo, wana kikwazo cha lugha. Maneno ambayo yangefaa kulitaja tendo hili, "chai" na "kitu kidogo", yameporwa na wala rushwa, hata mkono unaotoa kwa shukrani huonekana kama mkono unaonunua upendeleo. Basi asiye na ziada asione haya. Neno "ahsante", likitamkwa kwa kumtazama mtu usoni, halihitaji chenji. Anayelinyima hilo nalo ndiye mkono wa birika kamili, kwa kuwa amezuia kitu kisichopungua kwa kutolewa.

Isidhaniwe kuwa wahudumu wote ni malaika. Wapo wanaowahudumia wenye suti na kuwapuuza wenye kandambili. Wapo wanaotupa sahani mezani kama wanaotupa kadi za karata. Ipo mikahawa inayopakua wali wa jana na kuutoza bei ya leo. Katiba ya mwaka wa 2010, katika kifungu cha 46, inampa mtumiaji haki ya kupata bidhaa na huduma za ubora unaofaa, na anayelalamika kwa sababu ya haki ametimiza wajibu. Lakini malalamiko yana mahali pake na lugha yake. Mteja anayemfokea mhudumu kwa sababu ya kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 16 na tozo ya utalii ya asilimia 2 zilizoandikwa kwenye risiti anamgombeza mtu asiyeketi bungeni. Aliyeletewa mchuzi baridi anaweza kusema, "Dada, mchuzi huu umepoa, naomba unipashie." Ataletewa wa moto, na hakuna atakayekuwa amevunjiwa heshima.

Hapana shaka kuwa adabu hizi huonekana nyepesi zinapoandikwa. Uzito wake huja wakati mlaji ana njaa, ana haraka, na anayehudumu hana uwezo wa kumjibu. Mwajiri anaweza kujibu. Mhadhiri anaweza kujibu. Askari anajibu kabla ya kuulizwa. Mhudumu hawezi, kwa sababu jibu moja lisilopendeza linaweza kumpotezea kazi. Ndiyo maana meza ya mkahawa humfichua mtu kuliko mahali ambapo amezungukwa na wakubwa wake. Hapo heshima anayoitoa hairudishiwi cheo wala alama. Ni heshima tupu, na mwenye mkono uliojikunja huiona kama hasara.

Katika madarasa ya isimujamii, wanafunzi husoma nadharia ya upole ya Brown na Levinson. Huchambua dhana ya uso, hubainisha vitendo vinavyotishia uso wa mwingine, na huandika tasnifu kuhusu mikakati ya kupunguza makali ya maombi na amri. Mhadhara ukiisha, wote hufunga madaftari, wanafunzi kwa wahadhiri, wakaelekea kwenye foleni ya chakula. Mama aliyeshika upawa huko mbele huenda hajapata kuwasikia Brown na Levinson. Lakini anawajua vyema wanaomwamkia kabla ya kunyoosha sahani, na anawajua wasiomwamkia.