Kimepungua Nini?

Pale kwenye soko la samaki la Mwaloni Kirumba, kando ya Ziwa Victoria, mtu akianguka kifafa katikati ya matenga ya dagaa, watu hurudi nyuma wakiliogopa lile povu. Minong'ono hufuata: nani kamroga? Nimekulia kando ya ziwa hili, na swali hilo nimelisikia likielekezwa kwa bibi, kwa mama wa kambo, kwa mke mwenza. Limevunja nyumba za watu na halijamponya mgonjwa hata mmoja.

Walionifundisha kuuliza vingine ni panya wa maabara.

Mwaka 1991 daktari Darryl De Vivo na wenzake walieleza habari za watoto wawili waliokuwa wakipatwa na degedege. Sukari ndani ya damu yao ilikuwa ya kawaida, lakini katika maji ya uti wa mgongo ilikuwa kidogo mno. Damu imeshiba, ubongo una njaa. Hitilafu ilikuwa kwenye GLUT1, protini inayoivusha sukari kutoka kwenye damu kwenda ubongoni, kama kivuko cha Kamanga kinavyovusha abiria. Mwaka 2006 timu yake huko New York ikazalisha panya waliozimiwa nakala moja kati ya mbili za jeni ya protini hiyo. Ubongo wao ukadumaa, wakayumba wakitembea, na umeme wa ubongo ukavurugika vilevile. Waliokosa nakala zote mbili walifia tumboni. Panya hana mke mwenza wala jirani mwenye kijicho, na bado aliugua. Nilipoelewa hilo, swali la "nani" lilinitoka moyoni.

Watoto wenye hitilafu hiyo husaidiwa kwa mlo wa mafuta mengi na wanga kidogo sana, tiba ya kifafa tangu 1921, kwa sababu mafuta huupa ubongo chakula kinachopita mlango mwingine. Namfikiria mama wa Usukumani, ambaye jikoni mwake mna ugali na michembe. Ataanzia wapi bila mtu wa lishe wa kumshika mkono?

Ugonjwa huo ni wa nadra. Kifafa cha kwetu mara nyingi hutokana na malaria iliyopanda kichwani, uzazi uliokwama, jeraha la kichwa au mayai ya tegu wa nguruwe. Wagonjwa wengi hutulia kwa vidonge vya bei nafuu kama fenobabito, iliyoanza kutumika 1912, wakivimeza kila siku bila kuruka.

Povu haliambukizi. Mtu akianguka, mwondolee mawe na moto, mlaze ubavu, usimtie kijiko mdomoni. Akizidisha dakika 5 bila kutulia, apelekwe hospitali. Akizinduka, akukute umekaa naye.