Kuchapa Chinichini na Kompyuta Kuukuu

Wazee walisema kwamba njia mbili zilimshinda fisi. Maneno hayo nimeyakumbuka sana muhula huu, maana katika chumba chetu cha kompyuta umo mtambo mmoja mkuukuu ambao kila siku hupewa njia mbili, na apatae taabu ni yule aliyeketi mbele yake.

Jioni moja mwanafunzi wa Kidato cha Pili alikuwa akiandika insha yake, na wakati huo huo karatasi nyingi za mtihani zilikuwa zikitoka katika printa. Alipobonyeza, herufi hazikuonekana. Akabonyeza tena na tena. Mara zikamwagika zote kwa pamoja, ukurasa ukajaa upuuzi. Waliokuwapo wakasema ameiharibu kompyuta, naye akakatazwa kuingia chumbani humo mpaka muhula uishe. Mimi ni msaidizi wa chumba hicho, na moyo wangu haukukubali. Nikamwomba mwalimu ruhusa ya kuchunguza.

Printa ni mashine ya mwendo wa pole. Hapo zamani mtu akiamuru kuchapa, kompyuta iliacha kazi nyingine zote, naye mwenyewe akakaa akingoja. Ndipo wataalamu wakatunga njia ya kuchapa chinichini: kurasa huwekwa kwanza katika diski, zikapangwa foleni, kisha zikapelekwa kwa printa kidogo kidogo huku mtu akiendelea na shughuli zake. MS-DOS toleo la 2.0, lililotoka mwaka 1983, lilikuwa na amri ya namna hiyo iitwayo PRINT. Saa ya ndani ya kompyuta za IBM za siku zile ilipiga kama mara 18 kwa sekunde, na katika matoleo ya baadaye ya amri hiyo mtu aliweza kupanga mapigo mangapi apewe mchapaji. Windows 3.1 ya mwaka 1992 nayo ilimwachia mtu achague kama kuchapa kupewe nafasi ya chini, ya kati au ya juu.

Lakini foleni haiongezi nguvu. Kompyuta yetu ina prosesa moja tu, nayo ni kama mpishi mmoja mwenye milango miwili ya kugawia chakula. Akihudumia huku, kule watu wangoja. Tena kumbukumbu yake ni megabaiti 128, nayo hutumia Windows XP ya mwaka 2001. Ukurasa mmoja wa A4, ukichapwa kwa nukta 300 kila inchi, una nukta zaidi ya milioni 8. Kumbukumbu ikijaa, kompyuta huhamishia vitu vingine katika diski, ambayo ni ya pole sana kuliko kumbukumbu. Na foleni ya kuchapa nayo imo katika diski hiyo hiyo. Basi wote wagombea mlango mmoja.

Herufi za yule kijana hazikupotea. Kompyuta huziweka akiba mpaka programu ipate zamu ya kuzipokea, kisha huzitoa zote. Ndiyo sababu kubonyeza zaidi kulizidisha upuuzi.

Mbele ya mwalimu niliandika sentensi moja mara tatu. Kwanza printa ikiwa imelala: herufi zilifuata vidole vyangu. Pili ikichapa chinichini: zilichelewa, zikaja kwa mkupuo, kama zilivyomjia yule kijana. Mara ya tatu niliizima njia ya kuchapa chinichini katika programu ya Word. Hapo sikuweza kuandika lo lote mpaka kurasa zilipokwisha kupelekwa, lakini zilikwisha mapema zaidi, na baadaye mtambo ukawa mwepesi kama kwanza. Kwa hiyo hakuna kilichoharibika. Kazi mbili zilikuwa zikigawana nguvu ndogo.

Mwalimu aliondoa katazo siku ile ile. Tena akatoa amri kwamba kazi ndefu zichapwe wakati wa chakula cha jioni, ambapo hakuna mtu anayeandika. Amri hiyo haikugharimu hata senti moja, na tangu hapo sijasikia ugomvi chumbani. Nawashauri na wazazi wenye kompyuta za zamani wajaribu hayo kabla ya kutoa fedha kwa fundi.

Lakini liko jambo moja ambalo mwalimu hawezi kuliondoa kwa amri. Bwenini yule kijana angali anaitwa Mharibifu. Wenzangu, jina hilo tulimpa sisi kabla ya kuuliza sababu, na sasa sababu mmeisoma. Yafaa tuliache, tumwite kwa jina alilopewa na wazazi wake.