Msumeno wa Mjomba

Ukishasoma uhandisi, basi kila mashine ya ukoo ni yako! Safari hii mjomba wangu wa Sur, Oman, kaniagiza nimchagulie msumeno wa mnyororo, wa kukatia kuni za shuwa kwenye kibanda chake cha shamba.

Yeye anautaka mrefu, wenye bapa la sentimita 60. Mimi nasema 35 zatosha. Kuni zenyewe ni za mathenge, ule mti uliopelekwa Baringo miaka ya 1980 ukageuka balaa. Oman nako umeenea. Mti wa ghaf hatuugusi, unalindwa kisheria.

Mathenge ni mgumu, na magogo yakishika mchanga, meno ya mnyororo huisha upesi. Kwa hiyo tupa ya kunolea ni muhimu kuliko ukubwa wa injini. Wa betri hauna kelele nyingi, lakini joto likipita nyuzi 40 betri huchakaa haraka. Tuchukue wa petroli.

Kubwa zaidi ni breki. Ncha ya bapa ikigonga gogo, msumeno huruka ukamrudia mkataji usoni kabla hajapepesa jicho. Breki ndiyo inayousimamisha mnyororo. Na mjomba ana miaka 68. Nimemwambia: "Shikamoo mjomba, urefu tutabishana, bei tutabishana. Breki, hapana."