Vilima vya Mbali na Rangi Yake

Siku hizi vijana wengi wa Lusangi wanachora picha kwa simu. Hawahitaji karatasi wala rangi za kopo. Kidole chatosha, na programu kama ibisPaint hupatikana bure. Watu wanawachora vizuri: uso, mikono, hata mikunjo ya kitenge. Lakini tukitazama nyuma ya watu hao twashangaa. Twaona misonobari na milima yenye theluji, vitu vilivyookotwa katika picha za wageni. Mama anatwanga mpunga, na nyuma yake ni Uswisi!

Mzee mmoja wa hapa alionyeshwa picha ya namna hiyo. Akauliza, “Mjukuu wangu, huku ni wapi?” Kijana akajibu, “Ni kwetu, babu.” Mzee akasema, “Kwetu sisi, au kwenu ninyi?” Tulicheka, lakini swali lile lilikuwa la haki. Wako watoto wa Kasongo na Kabambare waliozaliwa mbali kwa sababu ya vita, wasioijua nchi ya baba zao ila kwa kusimuliwa. Mtoto kama huyo akipelekewa picha, sura ya mjomba haitamwambia mahali. Vilima, miti na njia ndivyo vitakavyomwambia.

Basi tuseme namna tunavyofanya sisi. Programu hizo zina tabaka, mfano wa vioo vilivyowekwa kimoja juu ya kingine. Chini kabisa twaweka mbingu, juu yake vilima vya mbali, kisha msitu wa bondeni, kisha nyumba na miti ya karibu. Watu huja mwisho. Ukikosea vilima, wavifuta bila kugusa nyumba. Tabaka tano zatosha; simu ndogo huchoka upesi ikibebeshwa mizigo.

Jambo kubwa ni hewa. Leonardo da Vinci, mchoraji wa Italia aliyekufa mwaka 1519, alikwisha kuandika ya kuwa mlima wa mbali huonekana buluu kwa sababu ya hewa iliyo katikati. Leo twajua sababu yake: mwanga wa jua ukipita hewani, buluu hutawanyika kuliko nyekundu, nayo hujaza nafasi iliyo kati ya jicho na kilima. Kwa hiyo mafundisho yote ya uchoraji husema, kilicho mbali kipakwe buluu na kififie. Ni kweli, hata kwetu, asubuhi baada ya mvua kubwa ya usiku. Lakini kati ya Juni na Agosti, majani yanapochomwa, mambo ni mengine. Moshi ukiwa mzito hutawanya rangi zote pamoja. Vilima havigeuki buluu. Vyageuka rangi ya majivu, na jua la jioni huwa jekundu kama kaa la moto. Yafaa basi kuamua kwanza mwezi, ndipo uchague rangi. Sisi hufunika vilima vya mbali kwa tabaka ya rangi ya majivu, iliyopunguzwa nguvu mpaka karibu asilimia 30. Msitu wa bondeni twaupa asilimia 10, na vya karibu hatuvifuniki.

Kivuli nacho hudanganya wengi. Kasongo iko karibu digrii 4 na nusu kusini ya ikweta. Saa sita mchana, miezi mingine, kivuli cha mtu chakaa miguuni pake kama mkeka mdogo. Kule Brussels jua halifiki utosini hata siku moja ya mwaka, ndiyo maana picha za huko zina vivuli virefu hata mchana. Ukitaka kivuli kirefu, chora asubuhi au jioni, na ujue ya kuwa jioni yetu ni fupi.

Tena, kijani si moja. Huku kwetu kusini mwa Maniema vilima vina nyasi, na msitu hufuata mito iendayo Luama na Lualaba. Mstari mweusi wa miti bondeni waonyesha maji yalipo, hata mto wenyewe usipochorwa. Anza na burashi pana, usichore jani moja moja. Majani machache ya pembeni yatosha.

Hata hivyo, kanuni ya hewa si amri. Mwaka 1946 Mfaransa Pierre Romain-Desfossés alifungua shule ya uchoraji mjini Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo. Hakutaka wanafunzi waige picha za Ulaya. Bela akapaka alama za vidole, Mwenze Kibwanga mistari mifupi mifupi, na Pilipili Mulongoy akajaza majani nyuma ya ndege na samaki wake. Mbali na karibu hawakuvijali sana, na picha zao zapendeza kuliko nyingi za vitabuni. Lakini hakuna anayeziona akadhani ni Uswisi.

Neno moja la kazi. Chorea kivulini, kwa maana juani kioo cha simu huficha rangi. Picha ikiisha, ficha tabaka ya watu, umwonyeshe mtu wa hapa bila kumwambia neno. Akisema, “Hii si njia ya mtoni?” warudishe watu, uipeleke.