Noti ya Baitul Muqaddas



Wapo wanawake wakusanyao vyombo vya kauri, na wapo wakusanyao mapambo ya fedha. Mimi hukusanya noti kuukuu za nchi za Kiarabu. Mazoea haya niliyarithi kwa marehemu babu yangu, aliyefanya biashara na manahodha wa majahazi ya Ghuba katika bandari ya kale ya Mombasa. Kashani mwake aliacha rupia chache za Ghuba, ambazo Benki Kuu ya India ilianza kuzitoa mwaka 1959 kwa matumizi ya Kuwait, Bahrain, Qatar na jirani zao. Nambari zake hutanguliwa na herufi Z. Aliacha pia hati ya mahujaji ya riyali 10, ya aina iliyotolewa Saudia kuanzia mwaka 1953 ili mahujaji wasihangaike na uzito wa sarafu za fedha. Watu waliziamini hati hizo hata wasiokuwa mahujaji wakazitumia sokoni, nazo zikawa mtangulizi wa noti rasmi za Saudia za mwaka 1961.

Nilipoolewa Kitui, sikutaraji kupata huko chochote cha kuongeza. Nilisahau kwamba Wakamba ni watu wa safari. Katika karne ya 19 misafara yao ilileta pembe za ndovu hadi Mombasa. Na katika Vita vya Pili vya Dunia vijana wengi wa Ukambani waliingia jeshini, na vikosi vya kazi kutoka Afrika Mashariki vikapelekwa hadi Misri na Palestina.

Mwaka 2009, mwaka wa ukame mkali, nilifuatana na mume wangu kwenda kuwajulia hali jamaa zake wa Kibwezi, upande wa Makueni. Barabara ya kupitia Mutomo na Ikutha haikuwa na lami wakati huo, tukafika tumejaa vumbi. Jirani yao alikuwa ajuza Muislamu, mjane wa askari, ambaye sote tulimwita Susu, kama Wakamba wamwitavyo bibi. Alikuwa amesikia habari zangu. Akafungua pindo la leso yake, akatoa noti.

Ilikuwa paundi 1 ya Palestina, ya zile zilizoanza kutumika mwaka 1927 chini ya utawala wa Mwingereza, zenye maandishi ya Kiingereza, Kiarabu na Kiebrania. Katikati ya rangi ya kijani palikuwa na picha ya Kubba la Mwamba. Moyo wangu ulienda mbio.

"Mwanangu, nasikia wewe wayapenda makaratasi haya," akasema. "Nipe shilingi 500 nikanunue unga."

Nikampa 500, nikaongeza 100, na nafsi yangu ikaniambia kwamba nimekuwa mkarimu.

Usiku ule, Kitui, sikulala. Nilijua wakusanyaji huinunua noti ile kwa maelfu ya shilingi, hata ikiwa imechakaa. Sikusema uwongo, ni kweli. Lakini nilinyamaza penye haki ya kusema. Nikakumbuka darsa tuliyosomeshwa madrasa: Mtume (s.a.w.) alikataza watu kuwatokea wenye misafara njiani na kununua bidhaa zao kabla hawajafika sokoni wakajua bei, na aliyeuza kwa namna hiyo, akifika sokoni, ana hiari ya kuivunja biashara. Susu hakuwa na soko la kwenda kuuliza. Soko lake lilikuwa mimi.

Wiki iliyofuata nilirudi Kibwezi. Nilimwekea noti mkononi, nikamweleza thamani yake, nikamtaka radhi. Hakukasirika. Aliuliza tu, "Jengo hili ni lipi? Marehemu alinambia aliwahi kusali mji huo, lakini sikuujua ni mji gani." Nikamwambia ni Baitul Muqaddas, kibla cha kwanza cha Waislamu. Akaitazama noti kwa muda mrefu bila ya neno.

Kisha akasema jambo ambalo mimi, msomi wa mjini, sikulifikiria: "Basi hii si yangu peke yangu. Ni mali ya marehemu." Akawaita watoto wake, wavulana wawili na binti mmoja. Kwa kuwa njaa ilikuwa nyumbani, walikubaliana kuiuza, nasi tukapatana shilingi 18,000. Sikuwa na fedha hizo. Nilirudi Kitui nikauza rupia mbili za babu ili kuzitimiza. Zile 600 za mwanzo nilimwachia Susu ziwe za unga.

Mgao ulifuata Suratun Nisaa. Mjane alipata thumuni, shilingi 2,250. Zilizobaki, 15,750, wavulana walichukua 6,300 kila mmoja na binti 3,150. Haikubaki hata senti ya kugombaniwa. Susu aliomba kitu kimoja zaidi, picha ya noti ile. Nilimsafishia picha kubwa nikaipeleka kwa matatu, naye akaitundika ukutani.

Tangu siku hiyo nimejiwekea sharti: simpi mtu bei kabla sijamweleza anachokiuza, na simlipi kabla sijauliza kilikuwa cha nani. Nanyi kina mama, mkikuta karatasi kuukuu ndani ya sanduku la marehemu wenu, msiitupe wala msiiuze kwa haraka kwa anayebisha hodi. Ulizeni kwa zaidi ya mtu mmoja, kisha wakusanyeni warithi. Noti inaweza kupitwa na wakati, lakini haki iliyo ndani yake haipitwi.

Wabillahi tawfiq.