Jiwe na Hesabu Yake



Sisi wa Bendera tumezoea kuishi karibu na nguvu tusiyoiona. Maji ya mto Kiymbi huzungusha mitambo, na umeme wake husafiri hadi Kalemie. Katika jimbo letu hili la Tanganyika, ardhi ya Manono imebeba lithiamu. Na mbali zaidi, Kolwezi, kuna kobalti. Mwaka 1980 John Goodenough na wenzake walionyesha kwamba madini hayo mawili, yakiunganishwa na oksijeni, yaweza kutumika kuhifadhi umeme katika betri.

Jiwe hutoka kwetu, lakini hesabu yake hufanywa kwingine. Wazo hilo ndilo lililonisukuma, nikiwa nimepita miaka hamsini, kuketi kando ya kijana niliyemfundisha katekisimu, ili sasa yeye anifundishe kuandika programu.

Tulianza kwa karatasi. Tuliziwazia atomi mbili kama mipira miwili iliyounganishwa na springi. Ukijua umbali kati yake, utapata nguvu inayozivuta, nguvu hubadili mwendo, mwendo huzipeleka mahali papya, kisha warudia. Mistari kumi ya kwanza tuliihesabu kwa kalamu. Baadaye tuliandika hatua zilezile kwa Python, lugha ya kompyuta isiyouzwa, nayo mashine ikazirudia mara elfu kumi kabla sijamaliza kufuta miwani yangu. Watafiti hufanya vivyo hivyo kwa maelfu ya atomi, na hatua yao moja ni sekunde iliyogawanywa mara milioni ya bilioni.

Kisha kijana akarefusha hatua makusudi. Atomi zikatawanyika, zikaishia katika namba kubwa zisizo na maana. Kompyuta haikuonya, iliandika uongo kwa utulivu uleule ilioandikia kweli. Mashine hutii, lakini haijui. Awezaye kuikosoa ni yule aliyeshika kalamu kwanza, na ambaye yuko tayari kulinganisha jibu lake na jiwe lenyewe lililopimwa.

Wala elimu hii si ya ng'ambo tu. Mwaka 2010 ilianza huko Cape Town shule iitwayo ASESMA, inayowafundisha Waafrika kuhesabu jinsi elektroni zinavyoshikamanisha maada. Mwaka 2012 ilikutana Eldoret, nchini Kenya. Programu kama Quantum ESPRESSO, zitumikazo katika kazi hiyo, hutolewa bure.

Simwambii mtu aache jembe wala nyavu. Ila achimbaye jiwe asilolijua hulipwa kwa uzito wake tu. Basi kila kikundi kitafute wawili wapendao hesabu, daftari moja, na kompyuta moja ya kuazima. Umeme ukikatika, endeleeni na daftari.