Malaika kwa lugha tatu, na ile shida ya inkwano

Wiki hii ni zamu yetu sisi wa Kimisagara, na tumechagua kuandika juu ya wimbo wa Malaika. Usiseme "aah, ule wa mahoteli na harusi, tumeuchoka." Ngoja kwanza.

Wengi tuliujua kupitia sauti ya Miriam Makeba tukadhani ni wake. Si wake. Aliyeurekodi mwanzoni mwa miaka ya 1960 akaufanya ujulikane ni Fadhili William, Mkenya wa Taita. Wengine wanasema aliyeutunga ni Adam Salim, Mtanzania, tangu miaka ya 1940, na ubishi huo haujaisha mpaka leo. Hata Boney M. wa Ujerumani waliutoa mwaka 1981, wa kuchezea disko.

Lakini sisi tumekaa sana kwa Makeba. Mwaka 1960 Afrika Kusini ilimfutia pasipoti akiwa nje, akashindwa hata kurudi kumzika mama yake. Alirudi nyumbani 1990. Yaani miaka thelathini! Katikati ya miaka hiyo, 1965, akauweka wimbo wetu kwenye albamu na Harry Belafonte. Kiswahili si lugha yake, na ukisikiliza vizuri, maneno mengine hayatoki kama ya Fadhili. Baadaye akaja Angélique Kidjo wa Benin, aliyeikimbia nchi yake 1983 akaenda Paris, naye akauimba kwa Kiswahili kilekile. Wakimbizi wawili wameubeba wimbo kwa lugha isiyo yao, na hakuna aliyewaambia wautafsiri kwanza.

Kuna wimbo mwingine wa namna hii, wa Wagiriki, unaitwa Misirlou, maana yake msichana wa Misri. Nao ni wa mapenzi, na mtunzi wake wa kwanza hajulikani. Umeimbwa kwa Kiarabu na Kituruki, kisha mwaka 1962 Dick Dale kule Marekani akaacha maneno yote akapiga gitaa tupu. Unaujua bila kujua: ndio ule mlio ulio kwenye Pump It ya Black Eyed Peas. Msichana wa Misri ameachwa njiani, kimebaki kinanda.

Hilo ndilo tuliloliogopa ilipofika zamu yetu.

Kundi letu lina Wakongo wa Kivu, Warundi waliokuja kuanzia 2015, na majirani wawili Wanyarwanda wanaopenda tu kuimba. Kaka yetu mmoja ana mchumba. Familia ya dada huyo ilipata kesi ya kwenda Marekani, na jina la kaka halimo. Wazee wa pande zote walikaa, wakataja inkwano, na kaka akarudi kimya. Kazi yake ni kubeba mizigo Nyabugogo. Utahesabu mwenyewe.

Dada akatuomba tuimbe Malaika siku ya kuwaaga. Ila bibi yake hasikii Kiswahili vizuri, kwa hiyo akataka na Kinyarwanda. Warundi wakasema basi na Kirundi pia, haiwezekani wao waachwe.

Neno la kwanza halikusumbua. Warundi wana umumarayika, Wanyarwanda wana marayika, ni neno lilelile limevuka. Kilingala tu ndicho kimeenda njia yake na anzelu, lakini Kilingala hakikuwa kwenye orodha.

Shida ikawa mali. Mnajua kijana wa kwenye wimbo analia nini: anampenda, angemuoa, ila hana. Kwa Kiswahili neno mali linatosha, ndani yake kuna pesa, kuna ng'ombe, kuna shamba. Mmoja akaweka amahera. Dada mmoja Mrundi akacheka: "Hapo ni kama mtu amekosa nauli ya basi." Akasema tuweke inkwano, hapo kila mzazi ataelewa.

Ndiyo, ataelewa, na hapo ndipo tulipogombana. Wazazi wa dada watakuwa wamekaa mbele yetu. Tutawaimbia inkwano usoni? Wengine wakataka tuweke machozi, au umbali, kitu laini. Jioni mbili tulibishana. Mwishowe kaka mwenyewe, aliyekuwa kimya muda wote, akasema kwa Kiswahili cha kwao Bukavu: "Muache ile neno. Njo ile ilinishinda."

Likabaki.

Tuliimba kwa gitaa moja na ndoo. Tulipofika kwenye Kinyarwanda, bibi akainua kichwa. Baba wa dada akatoka nje kidogo, kisha akarudi akakaa. Hakuna aliyetugombeza. Hakuna aliyepunguza inkwano pia, tusidanganyane.

Ninyi mnaofanya kazi kwenye mashirika, mnatuuliza kwenye fomu kama tumeoa au hatujaoa. Kaka yetu huwa anaandika hajaoa, na ni kweli. Lakini mkipata muda, siku moja muulizeni mtu kwa nini.

Sasa dada yuko kule. Wanaongea kwa WhatsApp, huku usiku, kule mchana. Kaka ameanza kuweka pesa kidogo kidogo, na wazee wamekubali kusikiliza tena, hawajasema zaidi ya hapo.

Sisi tuna lugha tatu kwenye simu, sauti si safi sana sababu ya ile ndoo. Tunataka ya nne. Kama unajua Kifuliiru au Kibembe, tuandikie hapa chini: kwenu wanaitaje ile mali ya kuolea? Usitutumie neno la pesa. Tunataka lile wazee wanalolitumia wakikaa.